Baba Amepewa Dakika Tano

Baba yangu ameshukuru watu kwa miaka thelathini na moja. Ndiyo kazi yake, ingawa hakuna aliyemwajiri kuifanya. Alikuwa mkutubi wa chuo kikuu chetu, chuo cha Kanisa Katoliki chenye kengele nyingi kuliko vyoo, na siku moja mtu aliyepangiwa kutoa neno la shukrani mwishoni mwa mhadhara wa wazi alishikwa na tumbo. Baba alikuwa amekaa jirani naye. Akasukumwa mbele. Ukiniuliza mimi, tangu siku hiyo hajarudi kukaa.

Ana namna yake ya kufanya kazi, na hakuna wa kumbadilisha. Tangazo la mhadhara likibandikwa tu, anasoma kichwa cha mada, anakwenda maktaba na kusoma kila kitu kinachohusiana nayo, kisha anarudi nyumbani na kuandika shukrani zake kwenye daftari. Anaandika kabla. Mgeni hajafungasha hata sanduku lake, Baba ameshamshukuru mpaka nukta ya mwisho. Siku yenyewe ikifika anakuwa hoi kwa kazi hiyo, kwa hiyo anakaa safu ya pili, anakunja nne, na mgeni anapotamka "Mabibi na mabwana," yeye huyo, kalala. Haamshwi na makofi wala kengele. Anaamshwa na sauti ya mgeni inaponyamaza. Hapo anasimama, anakohoa mara mbili, na kusema, "Mgeni wetu mheshimiwa, leo umetufundisha mambo matatu."

Wageni wengi hushangaa kusikia walichofundisha. Lakini nani atakataa sifa? Kuna mtaalamu mmoja wa udongo alishukuriwa kwa maelezo marefu kuhusu minyoo, ambayo hakuyatoa kabisa. Nilimwona mtaalamu mwenyewe kwa macho yangu akiyaandika.

Mimi ndiye katibu wa kamati ya mihadhara ya wazi. Napanga viti, naandaa chai, nabandika matangazo, naomba radhi. Hilo la mwisho ndilo linalonichukulia muda, na sehemu kubwa ni kwa ajili ya Baba.

Mkuu wa chuo ni padre, mwanahisabati, na kila mtu akiwemo mpishi anamwita Padre Dakika, kwa sababu anavaa saa mbili na haiamini hata moja. Wiki mbili kabla ya mhadhara ninaousimulia aliniita ofisini.

"Katibu," alisema, "mwezi uliopita mzee wako alishukuru kwa dakika hamsini na mbili. Mhadhara wenyewe ulikuwa wa dakika arobaini."

"Alikuwa na mengi moyoni, Padre."

"Mgeni alikosa ndege."

Nikaangalia zulia. Zulia la ofisi ile nalijua vizuri.

"Mimi namheshimu sana mzee," alisema. "Alinitunzia vitabu nikiwa mwanafunzi. Lakini safari hii anazo dakika tano. Ikiingia ya sita, kuanzia mwezi ujao shukrani atatoa rais wa wanafunzi. Yule anasema 'Tunashukuru, karibu tena,' anakaa. Na jambo la pili: watu wanakuja chai tu, mhadhara hawausikilizi. Sasa chai itanywewa kabla. Wakishaingia ukumbini, unafunga mlango na ufunguo unakaa nao wewe."

Nilitoka pale nikimfikiria Baba. Mama alifariki miaka miwili iliyopita, na tangu hapo Baba hana kingine. Siku tatu kabla ya mhadhara ananyoosha koti. Siku mbili kabla anang'arisha viatu, halafu anatembea na soksi asivichafue. Nikimwondolea hilo nitabaki na mzee anayeangalia ukuta, na mimi naye tunaishi nyumba moja. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia maneno ya Padre. Nilisema tu, "Baba, naomba safari hii ufupishe. Ukurasa mmoja."

"Nina kurasa kumi na saba."

"Baba, jamani! Ukurasa mmoja."

Alikaa siku nne akifupisha. Siku ya tano alinionyesha, akiwa na furaha kweli. Ulikuwa ukurasa mmoja, mbele na nyuma. Ameandika yale yale yote kwa herufi ndogo kama sisimizi, na amejinunulia miwani mipya ya kusomea.

Basi nikabuni ishara. "Ukiniona nyuma kabisa, napunga kitambaa chekundu cha vyombo, ujue unatakiwa kufunga."

"Sawa, mwanangu."

"Sio kufungua. Kufunga."

"Nimesikia. Mimi sio mtoto."

Mgeni wa mwezi ule alikuwa sista, profesa, bingwa wa fani yake, na mada ilikuwa "Binadamu na Ukimya." Sifa yake kubwa, tuliambiwa, ni kwamba hasomi. Anasimama mikono mitupu, anazungumza dakika arobaini na tano kutoka kichwani, watu wanatoka wakilia. Na Askofu aliahidi kuja. Nilipanga viti mia mbili na arobaini, na safu za nyuma nikazifunga kwa kamba mpaka za mbele zijae, maana watu wetu safu ya mbele wanaiogopa kama vile ina umeme.

Sista Profesa alifika saa nane mchana akiwa na mafua. Sauti ilikuwepo, ila imechakaa. Kama ningemwingiza ukumbini wakati ule ule, haya yote yasingetokea. Lakini amri ilikuwa chai kwanza.

Kwenye chai walikuwepo masista arobaini wa shirika lake, ambao nusu yao alisoma nao unovisi, yale mafunzo ya kuingia usista. Hawajaonana miaka. Mimi nilikuwa nimesimama na birika, na nilishuhudia sauti ya mwanamke yule ikigawiwa yote bure. Kikombe cha kwanza alicheka nao. Kikombe cha pili alisimulia habari za mama mlezi aliyekuwa akificha sukari. Walipoanza kuimba wimbo wao wa zamani, akachukua sauti ya kwanza, mafua yale yale. Nilipomfikia kumwongezea, aliniangalia, akafungua mdomo, na kikatoka kitu kama mlio wa mlango wa kabati.

"Usijali, Sista," nikamwambia. "Kunywa tangawizi na asali. Ukifika kwenye maikrofoni itarudi."

Kwa nini nilisema vile? Sijui. Mimi si daktari. Nilikuwa na birika mkononi na mawazo yangu yote yalikuwa kwenye kitambaa chekundu. Akaniamini maskini, akanywa, akaingia.

Nikafunga mlango, ufunguo nikautia mfukoni, nikasimama nyuma. Askofu alikaa safu ya kwanza na masista. Baba alikaa safu ya pili, koti limenyooka, amekunja nne. Padre Dakika alimkaribisha mgeni kwa dakika mbili kamili, akabonyeza saa zote mbili, akakaa.

Sista Profesa akashika maikrofoni. Mdomo wake ukasema, "Mabibi na mabwana." Mdomo tu. Sauti haikuja. Baba, aliyekuwa ameshaanza kuinamisha kichwa kwa mazoea, akalala hata bila kuyasikia.

Akajaribu tena. Kimya. Akagonga maikrofoni, ikagongeka vizuri, haikuwa na kosa lolote.

Sasa hapo ndipo penye msiba. Katika ukumbi mwingine wowote duniani watu wangejua kwamba mgeni amekwama. Watu wetu waliangalia tangazo ukutani, "Binadamu na Ukimya," wakamwangalia Sista aliyesimama kimya, wakaelewana kwa macho. Wakainamisha vichwa. Mhadhara umeanza, na unaanza kwa tafakari. Watu mia mbili na arobaini wakafumba macho.

Sista akaangaza huku na huku, hana pa kujificha. Akainua mikono miwili juu kuomba msaada. Basi mtu kama huyo, amesimama mbele, mikono juu, kwetu tunafanyaje? Ukumbi wote ukasimama.

Akashtuka, akaishusha. Wakakaa.

Akaonyesha koo lake kwa kidole, kwamba jamani, ni hapa, hapa pamekufa. Safu nzima ya masista ikashika makoo, taratibu, kwa heshima. Safu ya tatu ikafuata. Sista mmoja mzee akapiga magoti, na kwa kuwa akipiga magoti mmoja hatuwezi kumwacha peke yake, wakashuka wote, viti vikilalamika ukumbi mzima. Padre Dakika naye alikuwa chini, lakini anaandika kwenye kijitabu: "Ukimya, dakika tatu na nusu." Askofu, ambaye masikio yake yanategemea kile kifaa kidogo, alikuwa amekitoa na anakigonga kwenye goti, akiamini kwamba mhadhara unaendelea vizuri na yeye ndiye pekee asiyeusikia.

Mimi nilijua. Mimi peke yangu nilijua, na nilianza kwenda mbele, nikiruka miguu ya waliopiga magoti, nikiwa na lengo la kumnong'oneza Padre ukweli wote, pamoja na tangawizi. Sikufika. Ule ukimya ulikuwa umemfikia Baba kabla yangu.

Baba akaamka. Kwa hesabu yake, sauti imenyamaza, kwa hiyo mhadhara umekwisha. Akaona watu wako magotini, na sidhani kama alishangaa, alichukulia kwamba mgeni amegusa mioyo. Akasimama, akavaa miwani mipya, akakohoa mara mbili.

"Mgeni wetu mheshimiwa," akasema, "leo umetufundisha mambo matatu."

Watu wakarudi kwenye viti. Askofu akarudisha kifaa sikioni, akasikia sauti, uso ukachanua. Sista Profesa akamwangalia Baba kama mtu aliyekuwa anazama na sasa amerushiwa kamba. Akavuta kiti, akakaa, akakunja mikono mapajani kusikiliza alichofundisha.

"Kwanza," Baba akasema, "umetueleza ukimya wa maktaba. Umesema, na umesema kweli, kwamba huo si ukimya, ni watu kuogopana. Umetoa mfano wa mkutubi mmoja aliyewanyamazisha watu miaka mingi kwa kidole mdomoni, na siku anastaafu akagundua kwamba hamfahamu hata mmoja wao kwa sauti."

Sista akatikisa kichwa kukubali. Ni kweli, alisema hivyo.

Mimi nilikuwa nimekwama katikati ya ukumbi, kati ya magoti ya mhasibu na mkoba wa mhadhiri wa sheria. Nikatazama saa. Dakika ya nne. Nikachomoa kitambaa chekundu nikapunga. Baba alikuwa na miwani ya kusomea, zaidi ya karatasi yake haoni hata nyumba. Nikapunga kwa nguvu. Mhadhiri wa sheria akadhani namfukuzia nzi, akanishukuru.

Dakika ya tano. Padre Dakika akainua kidole. Dakika ya sita kikawa bado kiko juu, peke yake, hakuna anayekiona. Akageuka kwa Askofu kumwomba radhi, akamkuta Askofu ameinama mbele, kiganja nyuma ya sikio, anatabasamu. Kidole kikashuka polepole, kikakuna shavu, kana kwamba ndiyo kazi iliyokipandisha.

Baba akaenda jambo la pili, ukimya wa kanisani. Huo aliuchukulia dakika kumi na nane, na ndani yake mlikuwa na watu wanaokohoa kwa zamu, na mtu anayefungua pipi taratibu akidhani ndiyo haisikiki, na kila alichosema alikiweka mdomoni mwa Sista. "Ulivyotuchekesha hapo, mheshimiwa." "Ulivyonyamaza kidogo baada ya kusema hayo." Watu wakacheka mpaka masista wakafuta macho. Nadhani wengi wao mpaka leo wanaamini walimsikia mgeni akiyasema.

"Na tatu," Baba akasema. Akageuza karatasi upande wa nyuma. "Tatu, umetuambia kuhusu marehemu mke wangu."

Sista Profesa alikaa wima. Mimi nikaacha kupunga.

"Umesema mwanamke yule alikuwa anaongea. Anaamka anaongea, analala anaongea. Anamwambia sufuria, anamwambia kuku wa jirani, anakuambia wewe ulichokisema jana na alichokujibu. Umesema mume wake alirudi kutoka maktaba kila jioni na kuomba jambo moja tu kwa Mungu, kimya kidogo. Miaka thelathini na nane aliomba. Halafu akapewa." Akasogeza miwani. "Akapewa chote kwa mkupuo. Ukatufundisha kwamba ukimya wa nyumba hiyo haufanani na ule wa maktaba wala wa kanisani. Mtu anauwasha pamoja na taa anapoamka. Anafungua mdomo kusema neno, anaona hakuna wa kumkatisha, basi na neno lenyewe linaona aibu, linarudi. Ndiyo maana, ulisema, mtu kama huyo ukimpa nafasi ya kushukuru, mvumilie. Ana maneno ya miaka miwili."

Nilikaa chini pale pale, sakafuni, karibu na mkoba wa mhadhiri wa sheria. Nililia, sitaficha. Mimi ndiye ninayeishi naye. Narudi jioni nimechoka kuomba radhi, ananiuliza habari za kazi, nasema "nzuri," nachukua sahani yangu naingia chumbani. Miaka miwili! Nilikuwa nimemhesabia dakika kama Padre, tena Padre ana nafuu, yeye alimpa tano.

Baba akakunja karatasi. "Kwa hayo machache," akasema, na ukumbi mzima ukaangua kicheko, akashindwa kuelewa kwa nini, "nakushukuru sana."

Makofi yalichukua muda. Padre Dakika akasimama, akaangalia saa ya kushoto, akaangalia ya kulia, akaangalia ratiba. Nilimwona akihangaika. Yeye si mjinga, alikuwa ameshaelewa kila kitu, lakini mwanahisabati ni lazima ajumlishe.

"Mhadhara ulipangiwa dakika arobaini na tano," akasema kwenye maikrofoni. "Umechukua arobaini na tatu. Uko ndani ya muda. Sasa kwa mujibu wa ratiba linafuata neno la shukrani. Dakika tano."

Akamwangalia Sista Profesa. Sista akainuka, akaja mbele, akashika maikrofoni kwa mikono miwili. Akavuta pumzi. Tukavuta naye. Hakuna aliyefumba macho safari hii.

"Asante," akasema.

Lilikuwa neno moja, limekwaruza njia nzima, na lilimwendea Baba moja kwa moja. Kisha akarudi kukaa, sauti imekwisha kabisa.

Baba alibaki amesimama. Mtu huyu ameshukuru maaskofu, wahandisi, madaktari wa meno na mtaalamu wa udongo, na mimi ninayetunza ratiba zote hizo, za kabla yangu na zangu, nilijua kwamba kwa miaka thelathini na moja hakuna hata mmoja aliyewahi kumshukuru yeye. Mikono yake haikujua pa kwenda. Akaitia mifukoni, akaitoa, akafungua kifungo cha koti akakifunga tena. Halafu akaweka kiganja sikioni, akisubiri iliyobaki.

"Ndiyo hiyo tu?" akaniuliza nilipomfikia.

"Ndiyo hiyo, Baba. Amepoteza sauti."

"Tangu lini?"

"Tangu chai."

"Ndiyo maana nilimsikia vizuri," akasema, na mpaka leo sijui kama alikuwa ananitania.

Pale mlangoni, nikihangaika na ufunguo na watu mia mbili na arobaini nyuma yangu, Padre Dakika alitukuta. "Mzee, ya mwezi ujao ni yako," akasema. "Tano."

"Kumi," akasema Baba.

"Sita."

"Padre, nilikufichia kile kitabu cha aljebra wiki nzima, wenzako wakakikosa."

"Saba," akasema Padre, akaondoka haraka kabla hajapandishwa zaidi.

Tulifika nyumbani jua bado liko kwenye dirisha la jikoni. Baba akavua viatu, akavifuta, akaviweka juu ya gazeti. Nikachemsha chai, nikapakua, na kwa mazoea mkono wangu ukachukua sahani kuelekea chumbani. Yeye alikuwa amekaa mezani anaangalia ukuta.

"Ile asante ya Sista," akasema, si kwangu hasa, "ilikuwa nzuri. Lakini haikuwa na utangulizi."

Nikarudisha sahani mezani, nikavuta kiti.

"Wewe ungesemaje, Baba?"

Akaniangalia kuhakikisha kwamba nimekaa kweli. Akachomoa miwani mfukoni, akaivaa, ingawa hakuwa na karatasi yoyote mbele yake, akakohoa mara mbili.

"Mambo matatu," akasema.